Vibonyezo 52 Vyeupe

Piano kamili ina vibonyezo 88. Vyeusi ni 36, vyeupe ni 52. Katika piano za siku hizi vile vyeupe ni vya plastiki, na mtu anaweza kupiga maisha yake yote asijiulize vimetoka wapi. Piano za zamani zina habari nyingine. Inama ukitazame kibonyezo kwa karibu. Ukiona mstari mwembamba kama unywele unaokikata pale kinapoanza kubanwa na vile vyeusi, na ukiona vijistari hafifu vinavyopindana kama vya ubao uliopigwa randa vizuri, basi hiyo si plastiki. Ni vipande viwili vya pembe ya ndovu vilivyobandikwa juu ya mti, kimoja kipana cha mbele na kingine chembamba cha nyuma. Walikata hivyo ili pembe isipotee bure. Ilikuwa mali ghali, nayo ilikuwa imetoka mbali.

Sehemu kubwa ya mali hiyo ilitoka huku kwetu. Nimelijua hilo kwa njia ya kuzunguka, kwa sababu ya kipande kimoja cha muziki kilichonichukua miezi minane kukijifunza.

Mimi naishi Kibaha, Maili Moja. Jumapili napiga kinanda kanisani, kinanda cha umeme chenye vibonyezo 61. Muziki nilianza kujifunza kama vijana wengi wa kwaya wanavyojifunza: kwa solfa, herufi zimeandikwa ubaoni kwa chaki, soprano na alto upande huu, tena na besi upande ule, na “Haleluya” ya Handel inakaririwa mpaka usiku mkubwa kuelekea Krismasi. Nota za mistari mitano nilifundishwa baadaye, ukubwani, na mama mmoja wa Kisarawe, mwalimu mstaafu mwenye miaka sabini na kitu. Jumamosi mbili kila mwezi nilikuwa napanda gari Maili Moja, nabadilisha Mbezi, nabadilisha tena Gongo la Mboto, kisha tunavipanda vilima vya Pugu mpaka kwake.

Piano yake ilikuwa ya kusimama, iliyotengenezwa London. Aliinunua kwa familia moja ya Kizungu iliyokuwa inafunga virago miaka ya 1970. Ndani ya sanduku lake aliweka balbu ndogo iliyowaka usiku na mchana wakati wa masika, ili unyevunyevu usivimbishe mbao na kufanya vibonyezo vigande. Miguu yake aliisimamisha ndani ya makopo yenye oili chafu, mchwa wasipande. Kifuniko hakukishusha hata siku moja. Alisema vile vyeupe vikifungiwa gizani vinageuka rangi ya meno ya mvuta sigara, na kweli pembe ndivyo ilivyo: mwanga huiweka nyeupe, giza huitia umanjano.

Siku moja, baada ya shikamoo na marahaba, alinipa taarifa. Wanawe walikuwa wameamua ahamie Mwanza kwa bintiye mkubwa, baada ya Pasaka.

“Tuna miezi minane, mwanangu,” aliniambia. “Tusiimalize kwa vitu unavyoviweza. Kachague kipande kimoja kinachokushinda.”

Nilirudi baada ya wiki mbili na orodha. Kulikuwa na Beethoven, ile sehemu ya polepole ya sonata ya “Pathétique”. Kulikuwa na noktani moja ya Chopin na prelude mbili za Bach. Mwalimu aliisoma orodha, akavua miwani.

“Vyote vizuri. Lakini hii ni orodha ya bodi ya mitihani ya London. Wewe umechagua nini hapa?”

Sikuwa na la kujibu. Mtu aliyejifunza piano Afrika Mashariki amezaliwa ndani ya orodha hiyo. Bodi yenyewe, Associated Board, ilianzishwa mwaka 1889, na tangu hapo imefuata kila mahali Waingereza walipokwenda, ikiwaambia watoto wa Nairobi, Lagos na Colombo kipi ni kigumu na kipi ni chepesi. Si orodha mbaya. Ila ukikaa nayo muda mrefu unaanza kuamini kuwa nje yake hakuna kitu.

“Katafute tena,” alisema mwalimu. “Safari hii tafuta kama vile kuna mtu wako aliyepotea.”

*

Niliyempata alizaliwa London mwaka 1875. Jina lake ni Samuel Coleridge-Taylor. Mama yake alikuwa Mwingereza. Baba yake, Daniel Taylor, alikuwa daktari kutoka Sierra Leone aliyesomea Uingereza. Alilelewa na mama na babu yake huko Croydon, akafundishwa fidla, akaingia Chuo cha Kifalme cha Muziki akiwa na miaka kumi na mitano. Mwaka 1898, akiwa na miaka 23, aliandika “Hiawatha’s Wedding Feast”, kazi ya kwaya na okestra ambayo kwa miaka mingi iliimbwa Uingereza karibu sawa na “Messiah” ya Handel. Haki zake aliziuza kwa gini 15 tu. Wachapaji walitajirika, yeye akaendelea kufundisha na kusahihisha mashindano ya kwaya ili alishe watoto wawili. Alikufa kwa nimonia Septemba 1912, na miaka 37 tu mwilini.

Mwaka 1900 alikuwemo katika Mkutano wa kwanza wa Pan-Afrika uliofanyika London, yeye akishughulikia upande wa muziki. Kabla ya hapo alikuwa amewasikia waimbaji wa Fisk Jubilee kutoka Marekani wakiongozwa na Frederick Loudin, na kutoka kwao alizijua nyimbo za watumwa. Mwaka 1905 kampuni ya Oliver Ditson ya Boston ilimchapishia kitabu cha piano chenye vipande 24, “Twenty-Four Negro Melodies”, na dibaji yake iliandikwa na Booker T. Washington. Coleridge-Taylor mwenyewe alieleza nia yake humo: alichofanya Brahms kwa nyimbo za Hungaria, Dvořák kwa za Bohemia na Grieg kwa za Norwei, yeye amejaribu kukifanya kwa nyimbo za watu weusi.

Kitabu hicho hakina tena mwenye haki, kwa hiyo kinapatikana bure kwenye intaneti. Nilikichapa kwenye duka la stesheneri la Maili Moja, kurasa kwa kurasa, nikakifungasha kwa uzi.

Vipande 16 ni nyimbo za Marekani na kimoja ni cha visiwa vya Karibi. Saba vya mwanzo vimetoka Afrika, na vinne kati ya hivyo vimeandikwa “Afrika ya Kusini-Mashariki”. Hivi vinne Coleridge-Taylor alivitoa kwenye kitabu cha mmisionari wa Kiswisi, Henri Junod, aliyekusanya nyimbo na hadithi za Waronga wa eneo la Maputo na kuzichapisha mwaka 1897. Chini ya kichwa cha Kiingereza pameandikwa maneno ya lugha yenyewe. Cha pili kinaitwa “Maribye ma nonoha ngopfu”, yaani mawe ni magumu sana. Cha nne kinaitwa “A ba boleki nwana”: hawaniazimi mtoto.

Nilikaa na maneno hayo mawili, “maribye” na “nwana”, nikiwa nimeegemea kaunta ya duka. Sikuhitaji mkalimani kujua kuwa ma- ni ile ma- yetu ya mawe, na kwamba nwana ni mwana. Miaka yote hiyo ya kusoma nota zenye maagizo ya Kiitaliano, ndiyo mara yangu ya kwanza kukuta kichwa cha kipande cha piano nikakielewa kabla ya kugeukia tafsiri.

Jumamosi iliyofuata nilimwonyesha mwalimu. Alikisoma kile cha nne kwa sauti, mara mbili. Kisha akanyamaza. Yeye ni Mzaramo wa Kisarawe, na Wazaramo wana mwana hiti, kisanamu cha mti chenye kichwa na kiwiliwili bila mikono, ambacho mwali alikuwa anakaa nacho ndani wakati wa kuchezwa, akikitunza kama mtoto ili uzazi wake ufunguke. Siku hizi vingi viko kwenye makumbusho za Ulaya.

“Hicho kiache kwanza,” alisema. “Hicho ni cha mtu aliyeishi kidogo. Endelea kufunua.”

Tukafunua mpaka namba 10. “Deep River.”

*

“Deep River” ni wimbo wa watumwa wa Marekani unaoutaja mto Yordani na shauku ya kuuvuka. Coleridge-Taylor anaanza kuupiga taratibu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuimba akiwa peke yake. Baadaye muziki unachafuka, unakimbia, mikono yote miwili inajaa, na wimbo unarudi kwa akodi nzito kabla ya kutulia tena mwishoni. Mwalimu aliupiga ukurasa wa kwanza kwa vidole vyake vyenye yabisi, akakosa nota nyingi, na bado nikajua kuwa ndio huu.

Wiki hiyohiyo, nikitafuta historia ya wimbo, nilikutana na jina lilelile mahali pengine. Deep River ni mji mdogo katika jimbo la Connecticut, Marekani. Jirani yake kuna kitongoji kinachoitwa Ivoryton, yaani mji wa pembe. Katika miji hiyo miwili ndiko vilikokuwa viwanda vikubwa vya kukata pembe za ndovu kwa ajili ya piano: Pratt, Read & Co. cha Deep River na Comstock, Cheney & Co. cha Ivoryton. George Cheney, mmoja wa wenye kampuni hiyo ya pili, alikuwa ametangulia kufanya kazi ya kununua pembe Zanzibar.

Wimbo na mji havihusiani. Wimbo unasema Yordani, mji umeitwa kwa mto wa huko Connecticut. Lakini majina yakishagongana hivyo huwezi kuyatenganisha tena kichwani. Nikaanza kusoma kuhusu viwanda.

Mwanzoni walikuwa wanakata vitana. Mwishoni mwa karne ya 18 fundi mmoja wa eneo hilo, Phineas Pratt, alitengeneza mashine ya kukatia meno ya kitana cha pembe, na ustadi huohuo ndio uliohamia kwenye vibonyezo wakati familia za Marekani zilipoanza kununua piano. Pembe zilikatwa vipande vyembamba kama ganda, zikatiwa dawa, kisha zikatandazwa kwenye mabanda marefu ya vioo ili jua lizifanye nyeupe kwa wiki nyingi. Watengenezaji walipenda zaidi pembe waliyoiita laini, isiyopasuka haraka, na soko lake kuu lilikuwa Zanzibar. Mwaka 1909 peke yake Marekani ilitengeneza piano zaidi ya 360,000. Zidisha mwenyewe kwa 52.

Biashara hiyo ilikuwa na njia yake, nasi tunaishi pembeni mwa njia hiyo. Mwaka 1833 Sultani Sayyid Said alitiliana saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 konsuli wa kwanza wa Marekani alifika Unguja. Meli kutoka Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa cha pamba ambacho watu wa pwani walikiita merikani, jina lililobaki kwetu mpaka bibi zetu. Kitambaa kilikwenda bara, pembe zikaja pwani. Njia kubwa ilitoka Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo, na hatua zake za mwisho zilifuata bonde la mto Kingani kupitia Uzaramo. Burton na Speke, walipotoka Kaole mwaka 1857 kutafuta maziwa makuu, walipita bonde hilohilo, na walilipa hongo kwa wakubwa wa Kizaramo kama kila msafara.

Kingani ndio Ruvu. Ukitoka Kibaha kwa barabara ya Morogoro, unapita Mlandizi, kisha unavuka daraja lake. Maji ya bomba ninayooga nayo yametoka Ruvu.

Waliobeba hawakuwa wote watumwa, kama tulivyozoea kusimuliwa. Wengi wa wapagazi wa njia ya kati walikuwa Wanyamwezi waliokuwa wanafanya kazi ya ujira, waliojua thamani ya mabega yao, waliogoma wakipunjwa na kutoroka wakionewa. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama frasila mbili, kilo 32 hivi. Mbele alitangulia kirangozi, na ngoma, na nyimbo za kuipimia miguu mwendo. Lakini njia hiyohiyo ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo. Na kadiri ndovu walivyokwisha karibu na pwani, ndivyo wawindaji na wafanyabiashara walivyosogea ndani zaidi, hadi Manyema, Kongo ya mashariki, ambako bunduki iliongea kabla ya bei. Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa kuliko wote, alisimulia mambo hayo kwa Kiswahili katika kitabu cha maisha yake, kwa utulivu unaotisha, kama anayesoma daftari la hesabu.

Tippu Tip alikufa Unguja mwezi Juni 1905. Mwezi uliofuata, Julai, watu wa Umatumbi walianza vita vya Maji Maji, na vuguvugu lake likapanda mpaka Uzaramo, katika nchi hii ya Kisarawe ambako Wajerumani walikuwa wanawalimisha watu pamba kwa lazima. Wamisionari wa Kilutheri wa Berlin walikuwa wameshafungua misheni Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895, kwa hiyo watoto wa Kizaramo walikuwa tayari wanafundishwa nyimbo za Kijerumani. Na mwaka huohuo wa 1905, Boston, mtoto wa daktari wa Sierra Leone anachapisha vipande 24 vya piano, ili watoto wa watumwa na wa Waafrika wapate muziki wao wa kupiga, juu ya vibonyezo vilivyokatwa Connecticut, kwa pembe zilizopita Bagamoyo.

*

Nilimpelekea mwalimu habari hizi kama mtu anayepeleka msiba. Nilimweleza kwa kirefu, nikamalizia kwa swali lililokuwa linanisumbua ndani ya gari tangu Mbezi. Tunaupigaje wimbo wa watumwa juu ya meno haya?

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

“Ulitaka tuyang’oe?”

Nilimwambia kuwa rafiki yangu mmoja wa Kibaha alishauri hivyo hasa: toa pembe, bandika plastiki, moyo utulie.

“Ukishang’oa utazipeleka wapi? Kuuza ni jela. Kutupa ni kumuua ndovu mara ya pili.” Alipepeta kidogo. “Ndovu hatarudi, mwanangu, na mpagazi hatarudi. Kilichobaki ni hiki, na wewe una akodi ya ukurasa wa tatu hujaiweza. Nenda kaosha mikono.”

Kwa muda nililiona jibu lake kuwa la kukwepa. Sasa naona lilikuwa na uzito wake. Nchi yetu mwaka 1989, mwaka uleule wa Operesheni Uhai dhidi ya majangili, ilikuwa miongoni mwa zilizopeleka pendekezo la kupiga marufuku biashara ya pembe za ndovu duniani, na marufuku hiyo ikapita. Hilo lilikuwa jambo la kufanywa kwa ndovu walio hai. Kwa pembe iliyokwishakatwa miaka 100 iliyopita, ambayo haiwezi kurudishwa mdomoni mwa mtu wala mnyama, sijapata bado jambo bora kuliko kuikumbuka kwa jina lake kila ninapoigusa, kisha kuipiga vizuri.

Kuipiga vizuri ndiko kulikokuwa kugumu.

Coleridge-Taylor alifanya jambo moja la ukarimu: juu ya kila kipande ameuchapa wimbo wenyewe ukiwa mtupu, bila mapambo, halafu muziki unaofuata wote unajengwa juu ya huo. Kwa hiyo mwalimu hakuniruhusu kugusa piano wiki mbili za mwanzo. Niliuandika ule wimbo mtupu kwa solfa, kama wa kwaya, nikauimba nikipika, nikauimba nikisubiri gari. Baada ya hapo, kila nilipopotea katikati ya nota nyingi, nilijua ninautafuta nini humo ndani.

Pili, nilikuwa na tatizo la Kibaha. Kinanda changu kina vibonyezo 61, na mkono wa kushoto wa kipande hiki unashuka zaidi ya pale kinanda kinapoishia. Nilikosa vibonyezo 27, vingine juu, vingine chini. Nikachukua boksi la televisheni, nikachora vibonyezo kwa rula kwa vipimo vilevile, nikalibandika upande wa kushoto wa kinanda. Siku sita za wiki nilikuwa nazipiga nota za chini kwenye boksi, zisilie, huku mkono ukijifunza umbali. Jumapili jioni umeme ukikatika nilipiga zote kimya. Nilipofika Kisarawe na kushusha mkono kwa mara ya kwanza pale palipokuwa boksi, ile nota ya chini ilitoka ikatetemesha vikombe kabatini, nami nikashtuka kama nimeitwa.

Tatu, sauti. Mtu wa kinanda cha umeme anajua kubonyeza, hajui kupima. Kwenye “Deep River” wimbo umelala ndani ya akodi, na vidole vya mkono uleule vinatakiwa kimoja kiimbe na vingine vinong’one. Mwalimu alinifanya nipige akodi moja mara thelathini, kila mara akitaja kidole atakachotaka kukisikia. “Cha tatu.” “Cha tano.” “Sijakisikia, ni besi ndio nimemsikia, mwambie akae.” Akodi pana zisizoenea mkononi tulizivunja, nota moja baada ya nyingine kutoka chini, haraka, kama mtu anayekunjua mkeka.

Sehemu ya katikati, ile inayochafuka, tuliijifunza kwa kurudi nyuma: mstari wa mwisho kwanza, kisha wa kabla yake, ili kila nilipokuwa naendelea mbele niwe naelekea ninapopajua. Iliniishia Januari yote na Februari. Kulikuwa na safari mbili ambazo nilitoka Kisarawe nikiwa sijapiga zaidi ya mistari minne, na kwenye gari la Gongo la Mboto vidole vilikuwa vinachezacheza kwenye goti mpaka abiria wa jirani akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi niliupiga mwanzo mpaka mwisho mbele ya watu. Watu wenyewe walikuwa majirani saba, wajukuu wawili na fundi seremala aliyekuja kupima makreti ya kuhamia. Sikukamilisha kila nota. Lakini ile sehemu ya kunyamaza mwishoni, ambapo muziki unarudi kwenye sauti ya mtu mmoja, hakuna aliyekohoa. Mwalimu alikuwa amekaa nyuma yangu, upande nisioweza kumwona.

“Umevuka,” alisema. Halafu akawaambia wajukuu walete chai.

*

Piano haikwenda Mwanza. Binti yake alisema nyumba ni ndogo, na gharama ya kuisafirisha ingetosha kununua kinanda kipya. Mwalimu aliniuliza kama kwangu kuna ukuta usiopigwa na jua la moja kwa moja. Nikasema upo.

Nilikodi kenta ya Kisarawe na vijana sita wa kubeba. Piano ya kusimama ni zaidi ya kilo 200, na chuma chake chote kiko mgongoni. Vijana waliizunguka, wakaigonga, wakaiinua kona moja kuipima, kisha wakarudi kivulini kujadili ujira. Walitaka nusu mkononi kabla ya kugusa. Nilipotaja bei yangu walicheka. Mmoja akasema kwa bei hiyo nibebe mwenyewe. Tukapatana, nikalipa nusu, ndipo wakaingia. Mkubwa wao alisimama mbele, hakubeba, kazi yake ilikuwa kuhesabu na kuitikiwa, na kwa sauti yake miguu kumi ilikwenda pamoja kutoka sebuleni, kupita barazani, mpaka kwenye gari.

Tulishuka vilima vya Pugu, tukaingia barabara ya Morogoro, tukafika Maili Moja jua likielekea kuzama. Waliishusha vilevile, kwa kuhesabu. Nilipokuwa natafuta pesa za nusu iliyobaki, mmoja wao alifuta mikono kwenye suruali, akabonyeza kibonyezo kimoja cheupe, cha chini kabisa, akasikiliza mpaka kikaisha.

“Hii imetengenezwa na nini?” aliuliza.

Nilimwambia. Wakakaa barazani, nikawapa maji, nikawasimulia njia ya Bagamoyo, na kirangozi, na frasila mbili. Yule mkubwa wao aliuliza swali moja tu: walikuwa wanalipwa mwanzo au mwisho wa safari?

Makopo ya oili nimeshayaweka chini ya miguu yake, na balbu inawaka. Juu ya piano kitabu kimefunguliwa namba 4, ambapo mwalimu, kabla ya kuondoka, aliandika kwa penseli kila kidole cha mistari miwili ya kwanza.